Kijiji na Mji: Nani Anambeba Nani?

"Sisi ndio tunaoibeba nchi hii bwana. Watu wa kijijini wanakula bure."

Maneno hayo aliyasema rafiki yangu mmoja tukiwa tumekaa kwa mama ntilie, mwisho wa mwezi, yeye ameishika slipu yake ya mshahara kama mtu aliyepewa majibu mabaya ya hospitali. Kodi imekatwa, bima imekatwa, mkopo wa chuo umekatwa. Kilichobaki, mwenyewe alisema, ni nauli ya kurudia kazini. Tukacheka. Wenzetu wawili waliokuwa mezani wakamuunga mkono, na mmoja akaongeza kwamba mkulima hajawahi kumwona mtu wa kodi hata kwa dawa: analima, anakula, anauza, anaweka mfukoni, halafu barabara anajengewa na sisi. Mimi nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, tena lilikuwa chumbani kwangu, ndani ya kopo la biskuti.

Ndugu msomaji, naomba nikupeleke kwenye kopo hilo kwanza, halafu tutarudi kwa mama ntilie.

Babu yangu mzaa mama alipofariki, wajomba waligawana vitu vyake: panga, redio, koti la mvua, baiskeli isiyo na breki. Kopo hakuna aliyelitaka. Nikalichukua mimi kwa sababu lilikuwa na picha nzuri juu ya mfuniko. Nilipolifungua nikakuta risiti, zimefungwa kwa uzi wa katani, moja kwa kila mwaka, kuanzia 1985 hadi 2002. Wino umefifia, mihuri imebaki kama madoa ya chai. Zote za kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu hawakuacha kuiita kodi ya kichwa. Nilipozihesabu nikaona mwaka mmoja haupo.

"Shikamoo mjomba," nilimwuliza ndugu mkubwa wa mama. "Hizi babu alikuwa anazitunza za nini?"

"Marahaba. Hizo ndizo zilizokuwa miguu yake," akanijibu. "Bila hizo huendi mnadani. Getini unaulizwa risiti. Unashuka kwenye basi unaulizwa risiti. Huna, unalala ndani."

"Na huu mwaka ambao haupo?"

Mjomba akacheka, kicheko kile cha kuficha kitu. "Mwaka ule kahawa haikuwa na bei. Mgambo wakaja alfajiri, babu yako akakimbilia migombani. Alilala huko siku tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji."

Nilimfahamu babu akiwa mzee wa heshima, mtu wa fimbo na kofia, mtu ambaye akikohoa watoto tunanyamaza. Sikuweza kumpata kichwani akiwa amechuchumaa kati ya migomba, ananyweshwa uji na mtoto wake wa kumzaa, anajificha asionwe na vijana wa umri wa mtoto huyohuyo. Tangu siku ile, kila ninaposikia kwamba mkulima halipi kodi, kuna kitu kinanikwama kooni.

Lakini hasira si hoja. Tulitazame jambo lenyewe.

Kodi ile ilikuwa na historia ya ajabu. Kodi ya kichwa ya serikali za mitaa ilifutwa nchini mwaka 1969. Mwaka 1972 zikafutwa na halmashauri zenyewe. Miaka kumi baadaye sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, zikaanza kazi tena mwaka 1984, na halmashauri zikahitaji fedha, na kodi ikarudi kwa jina jipya la maendeleo. Ilidumu hadi mwaka 2003 ilipofutwa kwa mara nyingine. Kiwango kilipangwa na kila halmashauri, lakini mtindo ulikuwa mmoja: mtu mzima na alipe, kwa kuwa ni mtu mzima. Mwenye ekari ishirini na mwenye robo ekari, aliyevuna na aliyepata ukame, wote walisimama kwenye mstari mmoja mbele ya karani mmoja na kutoa fedha ileile. Kodi ya namna hiyo haimwulizi mtu amepata nini. Inamwuliza kama yuko hai.

Na wa kwanza kuuliza swali hilo katika nchi hii hakuwa halmashauri. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa nafaka au kwa kufanya kazi. Baadaye wakataka fedha taslimu. Hebu fikiri maana yake. Mtu ana mtama ghalani, ana mbuzi, ana mke na watoto, hana njaa, hadaiwi na mtu. Ghafla ni mdaiwa, kwa sababu ana paa. Na rupia haioti shambani. Ili aipate ni lazima alime kile ambacho mzungu anakinunua, au aende akafanye kazi kwa mzungu. Kukusanya mapato lilikuwa lengo moja. La pili lilikuwa kumfukuza mtu nyumbani kwake aende kazini. Waingereza waliporithi nchi hawakuitupa silaha hiyo, waliipiga msasa. Ndivyo walivyopatikana manamba, wanaume kutoka Kigoma, Songea na kwingineko waliosafiri wiki nzima kwenda kukata mkonge wa Tanga, wengine wasirudi tena. Kwa hiyo tunapojisifu sisi wa mjini kwamba tuliacha jembe kwa akili zetu, tukumbuke kwamba barabara ya kutoka kijijini ilichongwa kwanza na kodi. Baadhi yetu ni wajukuu wa watu waliokuja kutafuta rupia tatu.

Hayo ni ya mkoloni, utaniambia. Yalipita. Tukapata Uhuru.

Kweli tulipata Uhuru, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likasema jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kwa ujasiri wake. Watu wengi wanapolikumbuka Azimio wanakumbuka mabenki kutaifishwa na miiko ya viongozi. Wanasahau ile sehemu inayozungumzia mji na kijiji. Hoja yake ilikuwa hivi: tunakopa fedha nje, tunajenga viwanda, hospitali kubwa na barabara za lami mijini. Deni linalipwa kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni zinatoka wapi? Kwenye mazao. Kwa hiyo anayelipa deni ni mkulima, na anayefaidi zaidi ni mtu wa mjini. Tusipojiangalia, unyonyaji wetu utakuwa wa mji kuinyonya shamba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, mchumi Mwingereza Michael Lipton aliandika kitabu kizima kuhusu upendeleo wa mijini katika nchi maskini, kikasomwa vyuoni dunia nzima. Kwetu onyo lilikuwa limeshatolewa, limechapwa, limegawiwa, limeimbwa.

Na bado tukafanya kilekile tulichoonywa.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali: ya kahawa, ya pamba, ya korosho, ya tumbaku na kadhalika. Mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu. Mnunuzi huyo kwanza alitoa gharama zake, magari yake, maofisa wake, hasara zake, na ushuru wa serikali, kisha kilichobaki ndicho kilichoitwa bei ya mkulima. Katika miaka ile ya sabini bei hiyo, ukiilinganisha na bei ya sukari, sabuni na khanga, ilizidi kushuka. Mkulima hakupewa risiti ya hicho kilichokatwa. Hakuna karani aliyemwambia: mzee, leo umelipa kodi kiasi hiki. Alipewa fedha kidogo tu, akaambiwa ndiyo bei ya dunia.

Kulikuwa na mkato mwingine uliojificha zaidi, na huu naomba nikae nao kidogo kwa sababu hata wasomi wetu huupita haraka. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mitaani iliuzwa kwa mara kadhaa ya hapo, kila mtu alijua. Sasa tuchukue mfano wa kubuni: kilo ya kahawa inauzwa nje kwa dola mbili. Dola zile mbili zinaingia Benki Kuu, na hesabu ya mkulima inafanywa kwa shilingi 34, hata kabla ya mamlaka haijakata chake. Dola zenyewe zinakwenda wapi? Zinauzwa kwa shilingi hizohizo 34 kwa yule mwenye kibali cha kuagiza vitu kutoka nje: shirika, kiwanda, kigogo, au mjanja mwenye shemeji wizarani. Huyo akileta bidhaa akaiuza kwa bei ya mlango wa nyuma, tofauti yote ni yake. Hakuna kodi iliyotajwa hapo. Bunge halikupitisha asilimia yoyote. Lakini jasho limetoka kwenye mgongo mmoja, likakaukia kwenye shati la mwingine. Ndiyo maana watu wa mipakani walibeba kahawa usiku kuivusha, tukawaita wahujumu. Na wahujumu kweli walikuwepo, sibishi. Nasema tu kwamba si wote waliokuwa wakivuka mpaka walikuwa wanaiba. Wengine walikuwa wanaikimbia hesabu ile ya shilingi 17.

Nisije nikaonekana mwongo kwa kusema nusu. Si wakulima wote waliokamuliwa wakati wote. Kwa miaka kadhaa Shirika la Usagaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mkulima wa Rukwa au Ruvuma alipata bei sawa na aliye jirani na soko, gharama ya lori ikabebwa na wote. Huyo alibebwa kweli. Mjini nako sembe ilikuwa na ruzuku mpaka mwaka 1984 ilipoondolewa, na siku ilipoondolewa kabwela wa Manzese aliumia kuliko kigogo wa Oysterbay. Kwa hiyo anayetaka kusema mji wote ni mnyonyaji na kijiji chote ni malaika, aseme peke yake.

Tumrudie sasa rafiki yangu wa slipu. Siku ile hatimaye nilimweleza habari za babu, na yeye, ambaye si mjinga, akanijibu vizuri. Akasema: hayo ya zamani nakubali. Kodi ya kichwa haipo tangu 2003. Mamlaka za mazao za namna ile hazipo. Leo nenda kaangalie sehemu kubwa ya mapato ya TRA inakusanywa wapi. Dar es Salaam! Sasa nani anambeba nani?

Hoja nzito. Nilikaa nayo siku mbili.

Nikaona kosa lake liko kwenye neno moja: inakusanywa. Kodi hukusanywa penye geti, na mlipaji anaweza kuwa maili elfu kutoka hapo. Bandari iko Dar es Salaam, kwa hiyo ushuru wa baiskeli inayokwenda Sumbawanga unalipwa Dar es Salaam, unaandikwa katika vitabu vya Dar es Salaam. Lakini mwenye duka ameshauongeza kwenye bei. Anayeulipa ni yule anayekanyaga pedali Sumbawanga. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, iliyoanza hapa mwaka 1998 kwa asilimia 20 na kushuka hadi 18 mwaka 2009, inasamehe mazao ghafi, sawa. Lakini sabuni, bati, saruji, vocha ya simu? Kijijini navyo vinanunuliwa, tena kwa bei ambayo imeshapanda na nauli.

Halafu kuna ushuru wa mazao, ule ambao halmashauri hukata kila gunia linapouzwa. Ulikuwa hadi asilimia 5; mwaka 2017 ukapunguzwa, 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayehamisha mzigo usiofika tani moja kwenda wilaya nyingine akasamehewa. Ni nafuu ya kweli. Sheria inasema anayelipa ni mnunuzi, si mkulima. Ukisoma sheria utafurahi. Sasa nenda ukasimame shambani siku gari la mnunuzi linapofika. Mnunuzi anahesabu kinyumenyume: bei ya mjini, toa lori, toa wabebaji, toa ushuru, toa faida yangu, haya mzee, chako hiki. Mkulima hawezi kusema subiri nikauze kesho, maana nyanya hazisubiri na ada ya shule haisubiri. Juu ya hapo anafungashiwa lumbesa, gunia lenye kilemba, ambalo nalo ni ushuru, ila hauendi Hazina.

Na ushuru huo unahesabiwa kwenye bei ya mauzo, mbolea haijatolewa, kibarua hajatolewa, mkopo wa pembejeo haujatolewa. Mkulima aliyepata hasara anachangia asilimia ileile ya aliyepata faida. Rafiki yangu mwenye mshahara, kodi yake haianzi mpaka mshahara uvuke shilingi 270,000 kwa mwezi. Sheria imemwachia kwanza kitu cha kula. Gunia la mkulima halina shilingi 270,000 za kwanza. Linakatwa kuanzia punje ya kwanza.

Kisa kingine, kifupi, ambacho kwangu kinatosha kuwa somo zima la falsafa. Mwaka 2011 wenye vituo vya mafuta walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa ili wapate faida kubwa; ndipo neno kuchakachua lilipopata umaarufu. Serikali ikatafuta dawa. Ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka kama shilingi 52 kwa lita hadi 400, ili bei zikaribiane na tamaa ya kuchanganya iishe. Kwa mtu anayelinda injini za magari, dawa ilikuwa na mantiki. Lakini mafuta ya taa yalikuwa yanawasha nini wakati ule? Koroboi na kandili za kijijini, na majiko ya vyumba vya kupanga uswahilini. Mjanja wa kituo cha mafuta akafanya dhambi, na mtoto aliyekuwa akisoma kwa koroboi akatozwa faini. Nimejaribu kumtafuta mtu mbaya katika hadithi hii, ukiacha yule mjanja, sijampata. Naona meza tu, na watu wameizunguka, na mwenye koroboi hakuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali letu la kwa mama ntilie lilikuwa limekaa vibaya. Tulikuwa tunauliza nani analipa zaidi, tukitaka kupima kwa mizani. Lakini hebu turudi kwenye kopo la babu tuzitazame risiti zile kwa jicho lingine. Risiti ya kawaida ni nini? Ni ushahidi kwamba umelipia kitu, na kama hukukipata una haki ya kurudi dukani kupiga kelele. TRA walituzoesha wimbo huo tangu zilipokuja zile mashine za EFD: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Babu hakuwahi kuipeleka risiti yake popote kudai kitu. Hakuingia nayo ofisi ya halmashauri kuuliza zahanati iko wapi. Aliionyesha getini tu, ili aachwe apite. Ilikuwa ni karatasi ya kuombea usibughudhiwe.

Kuna watu wanalipa ili wasikilizwe, na kuna watu wanalipa ili waachwe. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona. Na nilipoiona, mpaka wa kijiji na mji ukanivurugikia mikononi.

Kwa sababu mjini nako wapo wa pili hao, tena tunapishana nao kila siku. Mwaka 1983 vijana wasio na kazi waliokotwa katika mitaa ya Dar es Salaam, operesheni ya Nguvu Kazi, wakapakiwa kwenye magari kupelekwa mashambani. Kilichomwokoa mtu ni kitambulisho cha kazi. Desemba 2018 wamachinga walianza kugawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000, na walivipokea kwa furaha, mimi nimewaona wamevivaa shingoni kama medali. Kwa nini walifurahi? Hawakufurahi kwamba sasa wataulizwa soko lijengwe wapi. Walifurahi kwamba mgambo wa jiji hatawamwagia nyanya. Kile kitambulisho ni mdogo wake risiti ya babu, mama mmoja baba mmoja. Na kilitolewa kwa bei moja kwa anayeuza mitumba ya laki tano na anayeuza karanga kwenye sinia, vilevile kama kodi ya kichwa.

Kwa hiyo mama ntilie mwenyewe, aliyekuwa anatukaangia chapati wakati sisi tunagombana, yuko upande wa babu. Na bwana mkubwa mwenye shamba la mamia ya ekari huko mkoani, anayeishi Masaki na kukutana na waziri kwenye harusi, yuko upande wa kusikilizwa hata kama mazao yake yanatoka kijijini.

Basi nani analo deni kwa nani? Hapa nakiri kwamba nimebadilisha mawazo mara mbili nikiandika makala haya. Kwanza nilitaka kusema mji unadaiwa na kijiji, basi, ulipe. Lakini deni la babu yangu litalipwa kwa nani? Yeye hayupo. Rafiki yangu wa slipu hakuwatuma wale mgambo, alikuwa hajazaliwa. Siwezi kumwambia ana hatia ya shilingi 17 za mwaka 1985. Ninachoweza kumwambia ni kwamba ana kitu ambacho babu hakuwa nacho, na kitu hicho kina wajibu wake: sauti.

Sauti hiyo tuliisikia juzijuzi tu. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala kufuatana na ukubwa wake. Unamtumia mama fedha ya dawa, tozo. Mama anatoa fedha kwa wakala, tozo tena. Hapakuwahi kuwa na kodi iliyopita katikati kabisa ya mji na kijiji namna ile, imekaa juu ya uzi uleule unaotuunganisha. Na tulipiga kelele bwana! Magazetini, redioni, kwenye simu zenyewe, vijiweni. Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena na baadhi ya miamala kuondolewa. Mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Miaka miwili. Kodi ya maendeleo ilidumu karibu miaka ishirini, na watu walikuwa wanalala migombani.

Nilijivunia ushindi ule, na bado najivunia. Ila siku moja nikamwuliza mama yangu mdogo, anayeishi kijijini, kama alifurahi tozo ya kutuma ilipofutwa. Akaniuliza: "Tozo ipi mwanangu?" Nikamweleza. Akasema, "Aa, kumbe ndiyo ile iliyokuwa inakuja pungufu? Mimi nilijua mmekuwa na hali ngumu huko mjini."

Miaka miwili alipokea pungufu akanihurumia mimi. Tulipigania fedha zake bila kumwambia kwamba ni zake. Hatukumwuliza angependa zitozwe wapi badala yake, maana serikali lazima ipate fedha, na zile tozo kweli walisema ni za madarasa na vituo vya afya, ambavyo yeye anavihitaji kuliko mimi. Pengine angesema tozo ibaki lakini zahanati ije. Pengine angesema kamateni wenye magari makubwa. Sijui. Hakuna aliyemwuliza, hata mimi mpwa wake ninayejiita mwandishi.

Mwisho wa mwezi uliofuata nililibeba lile kopo mpaka kwa mama ntilie. Rafiki yangu akazifungua risiti moja moja, kwa adabu, akifuta vidole kwenye suruali kwanza ili mafuta ya chapati yasizichafue. Akasoma miaka kwa sauti. Alipofika penye pengo akanyanyua uso.

"Huu hapa alifanyaje?"

"Alilala migombani."

Akairudisha ile ya kabla na ile ya baada, akazipanga sawasawa mezani akiacha nafasi katikati kama ya kuweka nyingine. Kisha akatoa slipu yake ya mshahara mfukoni, akaitazama muda mrefu, akaikunja. Akauliza kama babu, katika miaka yote hiyo, aliwahi kwenda kuwauliza fedha zake zilifanya nini.

"Wewe uliwahi?" nikamwuliza.

Akanyamaza. Mama ntilie alikuwa amesimama pembeni, sinia mkononi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, anatazama zile karatasi. Akaokota moja, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hata baba yangu alikuwa nazo hizi," akasema. "Sisi tulizichoma."